Somo la Vikundi: Watoto, Simu na Ngoma za Wazee



Mara hii tunajifunza kutoka Malesia, nchi ya Asia ya Kusini-Mashariki. Wamalai wa huko wana shida ambayo hata sisi tunaijua: wazee wanaopiga ala za jadi wanapungua, nao watoto macho yako kwenye simu. Badala ya kuilaumu simu tu, baadhi ya walimu na watafiti wa huko wanaitumia kufundishia.

TUONE
Ala zenyewe si ngeni sana kwetu. Kompang ni ngoma ya mkononi ya ngozi ya mbuzi, hupigwa arusini kama dufu kule Pwani. Serunai hupulizwa kama zumari. Gambus ni ya nyuzi, na ni jamaa ya kibangala cha Lamu. Wote wawili wana udugu na Yemen, kwa njia ya mabaharia.

Sasa mtoto anaelekeza kamera ya simu kwenye kadi yenye picha. Ala inatokea kwenye kioo kana kwamba iko mezani. Anaizungusha, anaigusa, inalia. Kisha anasikilizishwa sauti na kuulizwa: hii ni ala gani? Akikosa anajaribu tena, hakuna wa kumcheka.

TUPIME
Faida ni kwamba ala adimu inamfikia mtoto aliye mbali na mpigaji. Lakini kioo hakina ngozi. Kompang ikilegea, ufito wa henzerani hupachikwa kati ya ngozi na mbao ili ikazike. Hilo linajulikana kwa mkono. Tena wapigaji hugawana mapigo: huyu anajaza nafasi aliyoiacha yule. Mtu mmoja peke yake hawezi kuyatoa yote. Si ndivyo kikundi kilivyo?

Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza mak yong, mchezo wa Kelantan unaoongozwa na rebab ya nyuzi tatu, kuwa urithi wa binadamu. Lakini tangu miaka ya 1990 serikali ya jimbo hilo ilikuwa imezuia maonyesho yake. Kwa hiyo sifa za nje hazitoshi. Ala huishi mtoto anapoishika.

TUTENDE
1. Tafuteni mzee mmoja anayepiga ala ya kwenu. Ombeni ruhusa, mrekodi kwa simu: jina la ala, inavyotengenezwa, sauti yake.
2. Wachezeeni watoto sauti hizo, wabahatishe majina.
3. Wiki hiyo hiyo wapelekeni kwa mzee waishike. Msingoje, mzee hangoji.

MASWALI YA KUJADILI
- Ni ala gani kijijini imebaki na mpigaji mmoja tu?
- Nani atatoa simu, na nani atawapeleka watoto?
- Mzee wetu tutamshukuru kwa nini: kuku, sukari, au siku ya kumlimia shamba?