USALAMA BARABARANI: Jeki Ipi Inafaa Kuinua Gurudumu la Lori?

Lori lililobeba mchanga, mahindi au mifugo likipata pancha, dereva na taniboi wake hutegemea kifaa kimoja: jeki. Jeki isiyofaa huteleza, huvuja au huzama ardhini, huku anayefungua nati akiwa ameinama kando ya tani kadhaa za chuma na mzigo. Somo hili linaeleza jinsi ya kuchagua jeki kabla ya safari.

1. Uzani

Jeki haiinui lori zima, bali upande mmoja wa ekseli. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzani wa magari inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne, na tani 8 kwa ekseli ya usukani. Hivyo, upande mmoja wa nyuma hubeba takriban tani 5, na wa mbele tani 4.

Hata hivyo, jeki ya tani 5 haitoshi. Mzigo huweza kuegemea upande mmoja, barabara huweza kuinama, na mipira ya ndani ya jeki huchakaa. Ni salama kuchagua jeki yenye uwezo mara mbili au zaidi, yaani kuanzia tani 10. Madereva wengi wa malori hubeba ya mafuta ya tani 20. Jeki ya gari dogo ya tani 2 isitumiwe kamwe.

2. Kimo

Hapa ndipo wengi hukosea. Gurudumu la nyuma likipata pancha, tairi la pili kando yake huendelea kubeba mzigo, na ekseli haishuki sana. Mbele kuna tairi moja tu kila upande. Likiisha upepo, ekseli hushuka na jeki ndefu haiingii.

Kwa hivyo nguvu ya jeki ipimwe kwa ekseli ya nyuma, na ufupi wake upimwe kwa ekseli ya mbele. Fundi anaweza kutoa upepo tairi la mbele gereji, kisha kupima nafasi iliyobaki chini ya ekseli. Jeki iliyoshushwa kabisa lazima iingie hapo, pamoja na ubao wake. Pia iweze kupanda vya kutosha kuingiza tairi jipya lililojaa upepo.

3. Hali ya jeki

Kabla ya kununua, na kila mara kabla ya safari ndefu, jeki ikaguliwe:

- Uwezo wake uwe umeandikwa na kusomeka.
- Isiwe na mafuta yanayovuja.
- Ikiinua mzigo gereji, isishuke yenyewe baada ya dakika chache.
- Iongezwe mafuta ya jeki pekee. Mafuta ya breki huharibu mipira yake.

4. Kuitumia

Lori liegeshwe mahali tambarare, mbali na magari yanayopita, breki ya mkono ivutwe, pembetatu za kuonya ziwekwe mbele na nyuma, na magurudumu mengine yazuiwe. Nati zilegezwe kidogo kabla ya kuinua. Ikiwa ringi ni ya vipande, upepo utolewe wote kwanza, kwa sababu ringi ikifyatuka inaweza kuua.

Jeki isimame wima chini ya ekseli, karibu na gurudumu lenye pancha. Kwenye udongo mweusi au mchanga, iwekwe juu ya ubao mgumu na mpana. Jiwe hupasuka au kuteleza. Mtu yeyote asiingie chini ya lori linaloshikiliwa na jeki pekee.

Kazi ikiisha, mawe na matawi yote yaondolewe barabarani. Jiwe lililosahauliwa usiku huweza kumwangusha mwendeshaji bodaboda anayefuata.

Ajali ikitokea, wakazi wapige simu 999 au 112.