Mji Uliopungukiwa na Watu

Mama mmoja alizoea kupika bukari kwa watoto kumi. Sufuria yake ilikuwa kubwa na nyumba yake ilikuwa pana. Watoto walikua. Wengine walioa, wengine waliolewa, wengine walikwenda mbali kutafuta kazi. Mama akabaki na watoto wawili tu. Nyumba haikuongezwa hata chumba kimoja, lakini sasa ilionekana kubwa mno. Paa lilivuja kama zamani, ila mikono ya kulitengeneza ilikuwa michache. Mji nao huweza kupatwa na jambo kama hilo.

Kutoka Beni, siku mawingu yanapoondoka, mlima Ruwenzori unaonekana upande wa mashariki. Ng'ambo ya mlima huo ni nchi ya Uganda. Huko wanakaa Bakonzo, ndugu za Banande. Lugha zao zinakaribiana sana. Katika nchi yao, kwenye bonde la mto Nyamwamba, kuna mahali panapoitwa Kilembe.

Chini ya mlima wa Kilembe kuna shaba. Kampuni ilikuja kuichimba, na mwaka 1956 reli kutoka Kampala ikafika Kasese, mji ulio karibu. Garimoshi likawa likichukua shaba mpaka Jinja, ambako iliyeyushwa motoni, kisha ikapelekwa pwani kuuzwa ng'ambo. Maelfu ya watu walikuja kufanya kazi. Kampuni ikawajengea nyumba nyingi, safu juu ya safu, kando ya mto. Ikajenga pia hospitali na shule. Maji ya mto Mubuku yakatumiwa kuleta umeme. Asubuhi njia zilijaa watu waliokwenda kazini, na siku ya mshahara wenye maduka walifurahi.

Lakini furaha hiyo ilisimama juu ya mguu mmoja, yaani shaba. Katika miaka ya 1970 bei ya shaba ilishuka duniani. Tena hiyo ilikuwa miaka ya utawala wa Idi Amin, na Uganda ilikuwa katika taabu kubwa. Mashine zilipoharibika, vyuma vya kuzitengeneza vilikosekana. Mafundi wengi waliondoka. Mwaka 1982 kazi ya kuchimba shaba ilikuwa imekoma.

Basi wafanyakazi walifunga mizigo yao. Mwenye duka aliwauzia nani? Fundi wa viatu alimshonea nani? Hao nao wakaondoka. Ndivyo mji unavyopungua: akiondoka mmoja, humvuta mwingine. Zile nyumba zilijengwa kwa ajili ya watu wengi, na waliobaki walikuwa wachache. Bomba la maji lenye urefu mmoja hudai kazi ile ile, likinywesha watu elfu moja au watu mia. Penye watu wachache, gharama ya kila mmoja huwa nzito. Kwa hiyo vitu huanza kuharibika: kwanza rangi, halafu mabati, halafu daraja.

Mto nao haukungoja. Mwaka 2013, na tena mwaka 2020, Nyamwamba ulifurika, ukabeba mawe makubwa na kubomoa nyumba. Mwaka 2020 hospitali ya Kilembe iliharibiwa vibaya.

Lakini Kasese, mji jirani, haukufa. Kwa nini? Kwa sababu ulikuwa na miguu mingine. Watu wake walilima pamba, walifanya biashara, na walipeleka bidhaa sokoni Mpondwe, mpakani, ng'ambo ya Kasindi.

Sasa tazameni Butembo. Mji huo nao ulianza karibu na kazi ya madini: mwaka 1928 kampuni iliweka hapo kambi ya wafanyakazi. Kampuni ile imekwisha, lakini mji umeendelea kukua. Wakulima waliuletea maharagwe, viazi na kahawa. Wafanyabiashara walisafiri mbali na kurudi kujenga kwao. Leo Vulamba ni mojawapo ya makomine yake manne.

Tena kuna watu walioacha nyumba zao bila kupenda. Tangu mwaka 2014, katika teritware ya Beni, watu wengi sana wameuawa, na wengine wengi wamekimbia vijiji vyao. Huko mlango umefungwa, mihogo imezeeka shambani, na kengele ya kanisa hailii. Wengi wa watu hao wamekuja Beni na Butembo. Kwa hiyo upande mmoja nyumba ni nyingi kuliko watu, na upande mwingine watu ni wengi kuliko nyumba. Darasani, benchi la watatu linakaliwa na watano. Mtoto mwema husogea kidogo ili mgeni apate kukaa, wala hamchekei. Naye huwaombea amani, ili siku moja warudi kwao na kufungua milango ile.

Mji si mawe wala mabati. Mji ni watu.

MASWALI
1. Kwa nini nyumba ya mama ilionekana kubwa mno?
2. Shaba ya Kilembe ilipelekwa wapi kuyeyushwa?
3. Taja sababu mbili zilizokomesha kazi ya Kilembe.
4. Kwa nini Kasese haukufa?
5. Mgeni aliyekimbia kijiji chake akija darasani, utamfanyia nini?