Dondoo muhimu: Kiti cha meno kisikae bure

Ukiwa na kliniki ya meno Shangani, Mtwara, wagonjwa wako hawatoki mtaa mmoja. Wa Msanga Mkuu anavuka maji, wa Msimbati anasafiri tangu alfajiri. Hao wape saa nne na kuendelea. Saa mbili waachie wa mjini wanaowahi kazini. Ijumaa, usimpangie mtu kati ya saa sita na saa nane mchana.

Siku moja kabla, piga simu. Meseji peke yake haitoshi. Uliza, "Bado unakuja kesho?" Akisitasita, mpangie siku nyingine hapo hapo, kisha mwite aliye kwenye orodha ya kusubiri.

Usigawe dakika sawa kwa wote. Kung'oa jino la mbele si sawa na kutibu mzizi wa gego, na ganzi ya taya la chini inataka muda kukolea. Nafasi moja kabla ya adhuhuri ibaki wazi kwa aliyekesha na maumivu. Atakuja tu, hata bila miadi, na ni haki yake kuhudumiwa.

Kinachosahaulika zaidi ni vifaa. Kutakasa kwa mvuke wa nyuzi joto 121 kunahitaji angalau dakika 15 za joto kamili, mbali na kupasha, kukausha na kupoza. Ukiwa na seti mbili tu, mashine ndiyo inayopanga ratiba yako, na hapo ndipo wengine hushawishika kukatisha mzunguko. Usithubutu. Nunua seti zaidi kwanza, ndipo uongeze wagonjwa.

Mkulima aliyeahirisha meno bandia, mpigie baada ya malipo ya korosho.