Kitambi, Insulini na Neva Zisizotulia

Swali: Sindromu ya umetaboli ni nini?

Jibu: Umetaboli ni jinsi mwili unavyokisarifu chakula kiwe nguvu au akiba, na sindromu yake ni kasoro kadhaa za kazi hiyo zinazomwandama mtu mmoja. Kwa vigezo vilivyoafikiwa kimataifa mwaka 2009, huhesabiwa kuwa nayo mwenye angalau mambo matatu kati ya haya matano: kiuno kipana, trigliseridi nyingi (aina ya mafuta ya damuni), upungufu wa HDL, yaani kolesteroli nzuri, shinikizo la damu lililofika 130 juu au 85 chini, na sukari ya 5.6 mmol/L au zaidi kabla ya kula.

Swali: Neva za simpathetiki zinahusikaje?

Jibu: Neva hizi hufanya kazi bila hiari ya mtu, hutoa noradrenalini, kemikali inayouharakisha moyo na kuibana mishipa ya damu, na katika mwili wenye afya hutulia haja inapokwisha. Kwa mwenye sindromu hii hazitulii, hata akiwa amelala kitandani pasipo hofu wala kazi.

Swali: Hilo limethibitishwaje?

Jibu: Katika miaka ya 1960, Karl-Erik Hagbarth na Åke Vallbo wa Uppsala, Sweden, walibuni njia ya kusikiliza neva moja kwa moja. Sindano nyembamba mno ya tangsteni huchomwa upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, mahali neva inapopita karibu na mfupa, na mishindo ya umeme wa neva hurekodiwa ikifuatana na mapigo ya moyo. Kwa wenye sindromu mishindo hiyo huwa mingi kuliko kawaida, na jambo zito zaidi ni kwamba huwa hivyo hata kwa wale ambao shinikizo lao la damu bado halijapanda.

Swali: Ni nini kinachozichochea neva hizo?

Jibu: Misuli inapokuwa sugu kwa insulini, homoni inayoingiza sukari misulini, kongosho huimwaga kwa wingi, nayo insulini hiyo huuamsha ubongo uziamuru neva zifanye kazi zaidi; leptini, homoni itokayo kwenye mafuta ya mwili, hufanya vivyo hivyo. Wengi wenye kitambi, tena, hukoroma na kukatikiwa na pumzi usingizini, na kila oksijeni inaposhuka neva hushtuka.

Swali: Madhara yake ni yapi?

Jibu: Kwa kuchochewa na neva hizo, figo hutoa renini, kemikali ya kupandisha shinikizo, na kuzuia chumvi isitoke, hivyo shinikizo hupanda. Mishipa iliyobanwa hupeleka damu kidogo kwenye misuli, sukari ikakosa pa kuingia, huku mafuta yaliyoyeyushwa na noradrenalini yakizidisha usugu uleule ulioanzisha tatizo, kwa hiyo neva ni mwathirika na mchochezi kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu kuitibu sukari peke yake, au shinikizo peke yake, ni kuacha nusu ya ugonjwa.

Swali: Je, neva hizo zaweza kutulizwa?

Jibu: Zaweza, hata bila dawa: kupunguza uzito na kufanya mazoezi ya mara kwa mara hupunguza mishindo ya neva kwa kiasi kinachopimika. Kwa upande wa dawa, baadhi ya vizuia-beta (dawa zinazozuia athari ya noradrenalini kwenye moyo) vya zamani, mfano atenololi, huweza kuharibu zaidi mwenendo wa sukari, kwa hiyo daktari huchagua kwa kuangalia sukari na shinikizo kwa pamoja, na mgonjwa anayevitumia hapaswi kuviacha ghafla.