Tovuti Ipangwe kwa Haja ya Mgeni

Halmashauri, shule, vyuo na vyama vya ushirika vingi sasa vina tovuti. Taarifa zimo, lakini mwananchi anayezihitaji huzunguka mpaka bando likamwishia, kisha hupanda daladala kwenda kuuliza dirishani. Haya ni majibu kwa maswali ambayo wasimamizi wa tovuti hizo huuliza mara nyingi.

Menyu yetu ina idara zote, mbona watu bado wanapotea?

Wanapotea kwa sababu menyu hiyo inamtaka mgeni ajue kwanza ofisi yenu imegawanywaje. Mzazi anayetafuta fomu ya kujiunga na shule hajui kama iko chini ya "Taaluma" au "Utawala", wala hana sababu ya kujua. Orodhesheni mambo kumi yanayowaleta watu wengi zaidi. Karani wa mapokezi na anayepokea simu wanayo orodha hiyo kichwani. Yawekeni juu kabisa kwenye ukurasa wa mwanzo, na kila moja liitwe kwa kitendo: "Omba leseni ya biashara", "Lipa ada", "Angalia matokeo". Uingereza ilishika njia hiyo mwaka 2012 ilipozindua GOV.UK, ambako raia huanza na jambo analotaka kufanya badala ya kuanza na jina la wizara.

Tutajuaje kwamba mpangilio wetu unaeleweka?

Waulizeni wageni wenyewe. Andikeni kila mada kwenye kipande cha karatasi, mwape watu wasiofanya kazi kwenu, wazipange katika mafungu na kuyapa majina. Majina wanayoyatoa wao ndiyo yanayofaa kwenye menyu. Baadaye mpeni mtu simu na kazi moja, kwa mfano: "Tafuta tarehe ya kufungua shule." Kaeni kimya mtazame anabofya wapi; mkimwelekeza, jaribio limeharibika. Mwaka 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, alieleza kwamba watu 5 hutosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Rekebisheni, kisha mjaribu tena na wengine.

Je, ni kweli mgeni asibofye zaidi ya mara tatu?

Hapana. Mtu hubofya hata mara tano bila kulalamika ikiwa kila hatua inampa uhakika kwamba anakaribia. Kinachomchosha ni kubahatisha. Majina kama "Mengineyo" na "Viungo Muhimu" hayamwambii kilichomo, basi yaondoeni. Pia wengi huingia kupitia Google na kutua katikati ya tovuti. Juu ya kila ukurasa wekeni mstari wa njia, mfano "Mwanzo > Biashara > Leseni", ili mgeni ajue alipo na aweze kupanda ngazi moja juu.

Kisanduku cha kutafutia tunacho, lakini hakileti kitu. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni lugha. Mitambo mingi ya kutafuta imezoea maneno yanayobadilika mwishoni. Kanuni maarufu ya Martin Porter, iliyochapishwa mwaka 1980, hukata mikia ya maneno ya Kiingereza. Nomino nyingi za Kiswahili hubadilika mwanzoni: kibali na vibali, mtihani na mitihani, ombi na maombi. Mtambo usiojua hilo ukiulizwa "kibali" unaweza kuuruka ukurasa wenye kichwa "Vibali vya Ujenzi". Fundi wenu aunganishe umoja na wingi, na visawe pia: ada na karo, simu ya mkononi na simu ya kiganjani. Aangalie na alama ya ng', kwa kuwa simu moja huiandika ikiwa wima na nyingine ikiwa imepinda, na mtambo huona maneno mawili tofauti.

Sababu ya pili ni matangazo yanayogongwa muhuri, kupigwa picha na kupandishwa kama PDF. Mtambo wa kawaida hauoni maneno yaliyo ndani ya picha. Andikeni tangazo lenyewe kwenye ukurasa, PDF iwe nakala tu. Aliyebakiwa na bando dogo atawashukuru.

Matokeo yakikosekana, mgeni aoneshwe nini?

Asiachwe na "Hakuna matokeo" peke yake. Mpendekezeeni tahajia iliyo karibu, huduma zinazotafutwa sana na namba ya simu ya ofisi. Kisha kila mwezi someni maneno yaliyotafutwa yakakosa jibu. Humo mtaona wananchi wanavyoliita jambo, na ukurasa ambao bado hamjauandika.

Vipi watumiaji wa simu na watu wenye ulemavu?

Fuateni WCAG, mwongozo wa shirika la W3C wa kufanya tovuti zitumike na watu wote. Mwongozo huo unataka kurasa zifikiwe kwa zaidi ya njia moja, kama menyu na utafutaji. Maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Na toleo la mwaka 2023 linataka sehemu za kugusa ziwe na angalau piseli 24 kwa 24. Kiungo kisiitwe "bofya hapa": asiyeona husomewa viungo kimoja kimoja na programu, na maneno hayo hayamwambii aendako.

Fedha hatuna. Tuanze na lipi?

Karatasi, kalamu na watu watano havihitaji zabuni. Anzeni na majina ya menyu, mfute matangazo yaliyopitwa na wakati, kisha mwandike upya kurasa tano zinazosomwa zaidi. Mteueni mtu mmoja wa kuisimamia tovuti, na kazi hiyo iandikwe kwenye majukumu yake, kwa sababu mpangilio mzuri huharibika pole pole kila mtu anapopandisha tangazo popote. Mwananchi aliyepata jibu kwenye simu yake ameokoa nauli na siku nzima ya kazi, na hiyo ni huduma kamili sawa na ile ya dirishani.