Neno la Kiingereza "inflammable" na kiambishi kisichokanusha

Wakati wa likizo, baba mdogo, ambaye hupaka magari rangi hapa Lubumbashi, alinipa kopo la dawa ya kuzimulia rangi. Maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza tu. Aliniomba niwaandikie kwa Kiswahili vijana wanaojifunza kazi kwake. Juu ya kopo palikuwa na neno "inflammable". Nikaandika kwenye karatasi: "Haishiki moto", nikaibandika.

Baba mdogo alipoisoma, alifungua kifuniko akanisogezea puani. "Mutoto yangu, nusa kwanza." Kisha akaamuru mbabula iliyokuwa ikichemsha maji karibu na mlango iondolewe.

Kinachoniaibisha ni kwamba Kifaransa changu kilijua jibu. "Inflammable" kwa Kifaransa ni kitu kinachoshika moto, na kwa Kiingereza ni hivyo hivyo. Lakini darasani tumeonywa sana juu ya marafiki wa uongo: "library" si duka la vitabu, "actually" si "actuellement". Basi nilipoona neno linalofanana mno na la Kifaransa, nililishuku, nikashika kanuni ya sarufi: "in-" hukanusha, kama katika "incapable" na "invisible".

Kanuni si ya uongo, ila Kilatini kilikuwa na "in-" mbili zenye sura moja. Ya kwanza hukanusha. Ya pili ni "katika" au "ndani ya", nayo ndiyo iliyo katika kitenzi "inflammare", yaani kuwasha, kutia mwali. Ndugu zake ni "inflame" na "inflammation". Kifaransa hata huziweka zote mbili katika neno moja: "ininflammable", kisichoshika moto. Hapo "in-" ya kwanza inakanusha, ya pili inawasha.

Tusiwacheke Waingereza. Katika Kiswahili sanifu, "husoma" ni mazoea na "husomi" ni kukanusha nafsi ya pili, na irabu ya mwisho inatuokoa. Lakini vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havibadilishi irabu hiyo. "Hufikiri" ni nini: yeye hufikiri kila siku, au wewe hufikiri hata kidogo? Muktadha peke yake ndio unaoamua. (Kiswahili chetu cha Lubumbashi hakina shida hiyo, kwa kuwa mazoea tunayaweka mwishoni: "anasomaka".)

Tofauti ni kwamba "hufikiri" haichomi nyumba. Ndiyo maana katika miaka ya 1920 shirika la Marekani la kukinga moto, National Fire Protection Association, lilianza kuhimiza watu waandike "flammable", neno lililokuwapo tayari lakini halikutumika sana. Leo lebo za kimataifa za kemikali hutumia "flammable" kwa Kiingereza na "inflammable" kwa Kifaransa, kwa hatari ile ile. Kwa hiyo anayeandika Kiingereza atumie "flammable" kwa vitu na "non-flammable" kwa kinyume chake. "Inflammable" si kosa, na bado inapendeza kwa mafumbo, kwa mfano hasira ya mtu au hali ya siasa. Hotuba ya uchochezi, lakini, ni "inflammatory".

Benjamin Lee Whorf, tunayemsoma katika isimu, alikuwa mkaguzi wa kinga ya moto katika kampuni ya bima. Aliona kwamba watu walijihadhari karibu na mapipa ya petroli yaliyojaa, lakini karibu na yaliyoitwa "matupu" walivuta sigara, ingawa mvuke uliobaki ndani ni hatari zaidi. Baba mdogo hajawahi kumsikia Whorf, lakini makopo matupu huyaweka nje, mbali na mbabula.

Karatasi yangu niliibandua siku ile ile. Ya pili inasema: "INASHIKA MOTO MBIO". Kijana mmoja akachora mwali chini yake, na nadhani mchoro wake unasomeka vizuri kuliko maandishi yangu.