Somo la Kumi na Mbili: Kumfuga Mnyama wa Maji na Nchi Kavu

Mkisafiri kutoka mji wa Kilosa kwenda Mikumi mtapita Ulaya. Hiyo ni Ulaya yetu ya Mkoa wa Morogoro, wala si lile bara la Ulaya lililo mbali kaskazini. Katika bara hilo watu wengine hufuga majumbani mnyama mdogo aitwaye salamanda. Umbo lake ni kama la mjusi, kwa maana ana mkia mrefu na miguu minne mifupi. Lakini ngozi yake haina magamba. Ni laini na yenye unyevu. Salamanda wa aina nyingi wakikatika mguu au mkia, huota mwingine mahali pale pale.

Mkimtafuta salamanda katika madimbwi ya Kilosa hamtampata. Hayupo Tanzania, wala Kenya, wala Uganda. Katika Afrika nzima yupo kaskazini tu, katika nchi kama Moroko na Algeria. Ndugu yake wa kwetu ni chura. Wote wawili ni amfibia, yaani wanyama ambao wengi wao huanza maisha majini kisha hutoka nchi kavu. Katika somo hili tutamfuga chura tangu akiwa yai.

Kabla ya kuanza, fahamuni jambo moja. Chura hanywi maji kwa kinywa kama anywavyo ng'ombe. Maji humwingia kwa njia ya ngozi, na sehemu ya hewa anayohitaji hupita humo humo. Kwa hiyo chochote kilichomo majini, kama vile sabuni, mafuta ya taa au dawa ya kunyunyizia mimea, humwingia mwilini. Chombo kilichooshwa kwa sabuni na kusuuzwa vibaya chaweza kuwaua viluwiluwi wote kwa usiku mmoja.

Kukusanya mayai

Mvua za masika zinapoanza, tazameni kandokando ya madimbwi. Mayai ya chura hufunikwa na ute. Mengine hukaa katika mafungu, na mengine hupangwa katika nyuzi ndefu kama shanga nyeusi. Huenda mkaona pia povu jeupe linaloning'inia katika matawi juu ya maji. Hilo nalo ni kiota cha chura wa aina fulani. Viluwiluwi wake wakisha kutoka katika mayai, hudondoka majini. Povu hilo liacheni lilipo.

Msiingie katika maji, kwa sababu madimbwi mengi yana vimelea vya kichocho. Fungeni kopo kwenye ncha ya fimbo ndefu, kisha mchote mayai mkiwa mmesimama pakavu. Mayai ishirini yatosha darasa zima. Choteni pia ndoo ya maji ya dimbwi hilo hilo na majani machache ya majini. Konokono wakionekana, warudisheni, maana wengine wao ndio wabebao vimelea vya kichocho. Kisha nawani mikono kwa sabuni, mbali na chombo chenu.

Chombo na chakula

Tumieni beseni pana au mtungi uliokatwa mdomo. Chombo chembamba hakifai, kwa kuwa hewa huingia majini kwa juu. Wekeni mchanga kidogo, majani ya majini, na maji yenye kina cha shibiri moja. Kiwekeni kivulini. Funikeni kwa kipande cha chandarua, la sivyo mbu watataga humo. Vijidudu vya mbu navyo huitwa viluwiluwi, lakini havihusiani kabisa na chura. Msipoangalia, mtakuwa mnafuga malaria.

Baada ya siku chache mayai huanguliwa. Wapeni viluwiluwi mchicha uliochemshwa na kukatwakatwa, kiasi cha ncha ya kidole. Walimu wengi wameona darasa likiwaua viluwiluwi kwa ukarimu: kila mwanafunzi huleta chakula chake, chakula kinachobaki huoza, na maji hunuka. Chagueni mwanafunzi mmoja wa kulisha kila siku. Kila baada ya siku mbili au tatu, ondoeni theluthi moja ya maji na kuongeza maji ya mvua au ya dimbwi. Maji ya bomba yaliyotiwa dawa yaachwe wazi kwa siku moja au zaidi kwanza.

Mabadiliko

Andikeni tarehe ya kila jambo mtakaloliona. Mwanzoni kiluwiluwi hupumua kwa matamvua kama samaki. Baada ya majuma kadhaa miguu ya nyuma huchomoza, kisha ya mbele. Kwa mtoto wa salamanda mambo huwa kinyume, kwani miguu ya mbele hutangulia. Mkia wa kiluwiluwi haukatiki, bali hufyonzwa na mwili pole pole na kuwa chakula chake. Mkia wa salamanda hubaki maisha yake yote.

Miguu ya mbele ikisha kutokea, wekeni mara moja jiwe ambalo kilele chake kiko juu ya maji. Mapafu yamekwisha kuanza kazi, na chura mchanga sasa anahitaji mahali pa kupanda. Asipopata, atazama na kufa katika maji yale yale aliyozaliwa.

Vyura wa Kihansi

Kusini ya Mikumi iko Milima ya Udzungwa. Katika korongo la Mto Kihansi, wataalamu waligundua mwaka 1996 chura mdogo wa manjano, ambaye urefu wake hauzidi sentimita 3. Hatagi mayai, bali huzaa vitoto vilivyo kamili. Aliishi katika manyunyu ya maporomoko ya mto huo, wala hakuonekana mahali pengine duniani. Bwawa la umeme lilipojengwa, maji mengi yakaelekezwa kwenye mitambo, na manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, wakafugwe katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Korongoni yakawekwa mabomba ya kunyunyizia maji. Hata hivyo, mwaka 2003 vyura waliobakia huko walipungua ghafla, na waliokufa walikutwa na kuvu ya ngozi. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hawapo tena.

Kuwafuga Marekani nako kulikuwa kugumu. Wengi walikufa, hata wakabaki chini ya 100, kabla wafugaji hawajajua chakula na mwanga unaowafaa. Ndipo wakaongezeka. Mwaka 2010 vyura 100 waliletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine walirudishwa korongoni.

Salamanda wa Ulaya nao wamepatwa. Mwaka 2013 ilitambuliwa kuvu nyingine iliyowaua huko Uholanzi karibu salamanda wote weusi wenye mabaka ya manjano. Yaaminika kuwa ilifika kwa biashara ya salamanda wa kufugwa watokao Asia.

Kuwarudisha

Vyura wenu wachanga wakiisha mkia, warudisheni jioni katika dimbwi lile lile mlikochota mayai. Msiwatie katika dimbwi lingine, hata likiwa karibu zaidi na shule, wala msigawiane na shule jirani. Maji ya chombo yamwageni juu ya udongo mkavu, mbali na mto. Chombo, kopo na chandarua vikaushwe juani.

Maswali

1. Kwa nini sabuni ni hatari kwa chura kuliko kwa kuku?
2. Darasa moja lilisahau kuweka jiwe katika beseni. Eleza yaliyowapata vyura wachanga.
3. Chura wa Kihansi hana kiluwiluwi aogeleaye. Je, hilo lilimfaaje mahali penye manyunyu pasipo dimbwi?
4. Rafiki yako wa Mikumi anataka umpelekee viluwiluwi watano kutoka Ulaya. Utamjibuje?
5. Chora kiluwiluwi mwenye miguu miwili, kisha mtoto wa salamanda mwenye miguu miwili. Onyesha tofauti.